Hina ya Jumatano

Mama yangu hakutaka hina ya viganjani. Alisema maua ya viganjani ni ya maharusi na ya watu wasioosha sufuria. Yeye alitaka kucha tu, na kazi hiyo alinipa mimi, kwa kuwa dada zake walioijua walibaki pwani na sisi tulikuwa Iringa, juu kilimani, kwenye baridi isiyopatana na hina hata kidogo.

Watu wa pwani ukiwaambia habari ya baridi na hina wanakucheka. Kwao unapaka, unakaa barazani kupiga soga, na joto linamaliza kazi. Iringa mwezi wa sita ukipaka hina ukakaa tu, kesho yake unabandua tope unakuta rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo sisi tulipakia karibu na jiko la mkaa. Kila kidole nilikifunga kwa kipande cha jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na mama akakaa saa nzima na zaidi mikono ameielekeza kwenye makaa, mimi nikimnywesha chai na kumkuna pua kila ilipomwasha. Alikuwa na pua ya kuwasha wakati wa hina tu. Nadhani alipenda kukunwa.

Michoro ilikuwa yangu mimi. Niliigundua kwa bahati, siku tone la nta lilipomdondokea mama kwenye ukucha kabla sijapaka. Hina ilipobanduliwa, palipokuwa na nta pakabaki peupe, tone dogo ndani ya wekundu. Tangu siku hiyo nikawa napata kipande cha nta kwa wauza asali pale sokoni, naiyeyusha kwenye kijiko cha bati, nachora kwa njiti ya kiberiti niliyoichonga ncha. Nta huganda upesi kwenye baridi, hivyo lazima ujue unachora nini kabla ya kuchovya. Nilichora vitu vya nyumbani: kitana, mwiko, taa ya chemli. Kila ukucha na kitu chake.

Aliyefanya kazi hiyo ikawa na maana alikuwa baba. Baba alikuwa mfanyabiashara mdogo, anapeleka kanga na sufuria Mbeya, anarudi na mchele, akipanda lori lile lile la kila safari. Nje alikuwa mtu wa uso mkavu, watoto wa jirani walimkimbia. Lakini akirudi safari, kabla hata hajavua koti, mama humnyooshea mikono, naye hushika kidole kimoja kimoja, anakisogeza kwenye taa na kubahatisha. Ufunguo aliuita jembe. Mwezi mchanga aliuita ndizi. Kilichomshinda kabisa alikiita chapati. Kitana kwake kilikuwa chapati iliyoliwa na panya. Mama alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa mkono wa pili, maana hata yeye hakuwa anajua majibu. Hiyo ilikuwa sheria yangu: hakuna anayeambiwa mpaka baba awe amebahatisha vidole vyote kumi.

Jumatano ninayoikumbuka ilikuwa katika miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baada ya sala ya alasiri mama aliniambia, "Lete mkebe wa hina. Baba yako anaingia kesho."

Nilichora siku hiyo kuliko siku zote. Nta ilinitii. Nilipofika kidole gumba cha kushoto, ambacho ndicho nilikiacha cha mwisho kwa kuwa ndicho chenye nafasi, mama aliinamisha kichwa.

"Hiki nini?"

"Utakiona kesho na baba."

"Hata mimi mwenye kidole?"

"Hata wewe, mama."

Akanirushia jicho la kunitisha, akatoa pua nimkune.

Alhamisi adhuhuri tulilisikia lori likipanda kutoka bondeni Ipogolo, likilia kwa gia ndogo kama kawaida yake. Mama alikuwa amekwisha jipaka mafuta mikononi. Hina ilikuwa imekolea vibaya sana, nyekundu ya kuelekea kwenye weusi, haijapata kukolea namna ile, na vichoro vyangu vyeupe vimekaa ndani yake safi. Nilijivuna. Mama alivaa kanga mpya akaweka birika jikoni.

Aliyeingia uani alikuwa dereva, amebeba mfuko wa turubai wa baba. Kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Mama, mzee sisi tumemwacha kule Mbeya."

"Mmemwacha anafanya nini?"

Dereva aliangalia ile kofia. Alikuwa mtu wa Usangu, mpole, na mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa akiniletea miwa. "Kilimshika kichomi, mama. Siku mbili tu. Tumemzika juzi jioni. Wazee wa kule walisema gari inaondoka, mimi ndio nilete habari."

Mama hakulia. Alikuwa ameshika kawa la kufunikia chapati, akaliweka chini polepole, akalisawazisha lisiegemee upande. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiitazama tangu asubuhi.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada pekee wa baba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa kukwangua masizi, lakini siku hiyo alilia kweli, alilia amejitupa sakafuni, na mama akamwinamia kumshika. Hapo ndipo alipoiona mikono. Akaketi.

"Wifi, hina hii ya lini?"

"Ya jana."

"Kaka yangu yuko udongoni tangu juzi, na wewe jana unajipamba."

"Sikujua, wifi."

"Nani amesema ulijua? Nasema ulijipamba."

Mama akairudisha mikono yake ndani ya kanga.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajitii manukato, hapaki wanja wala hina. Na eda haianzi siku unapopata habari, inaanza siku mtu alipokufa. Kwa hiyo mama alikwisha ingia eda tangu Jumanne, na Jumatano akakaa mbele ya jiko ananyoosha vidole nimchoree. Mji mzima ulikuja kumpa mkono wa pole. Alikaa kwenye mkeka amevaa bafta nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, na kutoka kwenye weupe ule unatoka mkono wenye kucha nyekundu, zenye picha. Niliwaona wanawake wakiushika ule mkono muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Wengine walinitazama mimi. Mjini si parefu kutoka sokoni hadi msikitini, na kabla ya wiki kwisha maneno yalikuwa yamezunguka: yule mke anajipamba mume hayupo, alikuwa anajipambia nani?

Hilo ndilo lililomuumiza mama. Hakujali kuitwa mjinga, wala maskini. Lakini watu waseme kwamba hakumpenda yule mtu, na ushahidi wao uwe kucha alizompakia yeye, hilo hakuliweza, akawa anarudisha sahani ya chakula kama ilivyokuja.

Tulijaribu kila kitu. Ndimu kwanza, na ndimu ndiyo iliyozidi kuikoleza. Majivu. Maziwa ya mgando, ambayo jirani yetu Mhehe alileta kibuyu kizima, akanisaidia kumsugua mama kwa gunzi la mahindi huku anasema polepole, "Itatoka tu, mwanangu, pole, itatoka." Haikutoka. Hina ikishaingia kwenye ukucha ni ya ukucha, haina dawa, inangoja ukucha wenyewe uondoke. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na nilisugua hivyo hivyo.

Siku iliyofuata shangazi alikuja na wembe. Hakuja kwa ukatili, nataka kusema hivyo kwa haki. Alikuja kwa sababu maneno ya mjini yalikuwa yanamchoma na yeye. Akakaa mbele ya mama, akachukua kidole gumba cha kulia, akaanza kuparuza. Unga mwekundu ukawa unaanguka kwenye bafta. Mama alimwachia mkono kama vile si wake. Mimi nilisimama mlangoni, nimeshika fremu ya mlango, nataka kusema acha. Nilikuwa mtoto, na yule alikuwa shangazi, na ndani yangu nusu nzima ilikuwa inataka iparuzwe yote iishe. Ukucha ulipokuwa mwembamba damu ikatoka, na chini ya damu bado palikuwa pekundu. Shangazi akaweka wembe chini akaanza kulia, safari hii bila sauti. Mama ndiye aliyembembeleza.

Mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja na ujumbe kutoka kwa mumewe: aliyepaka bila kujua hana dhambi, ziacheni kucha zikue. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Mgeni alipoondoka akasema, "Mwalimu hakai na wanawake wa mji huu." Kwa hiyo mama akawa anapokea watu mikono imefungwa ndani ya bafta, hata waliokuja kumpa mkono wakawa wanamgusa kichwani tu.

Zikakua. Ukucha unakua taratibu kuliko subira ya mtu yeyote. Kwanza ukatokea uzi mweupe chini, kisha ukanda. Kila Ijumaa shangazi alikuja kuzikata, anazikata karibu na nyama kadiri anavyoweza, na vile vipande mama alivikusanya, kwa maana kwetu kucha hazitupwi, huzikwa. Ila mama hakuzizika. Alizifunga kwenye kitambaa cha jasho cha baba, kilichorudi ndani ya ule mfuko wa turubai, akakitia chini ya mto. Shangazi aliona, akafuta wembe wake akaenda zake.

Mimi ndipo nilipoanza kuona kingine. Vichoro vilikuwa vinaondoka. Wiki hii birika linakatwa mdomo, wiki ijayo linakatwa mkono. Kitana kimebaki meno matatu. Nilikuwa ninaomba wekundu uishe, mama apate kuonyesha mikono yake kwa watu, na Ijumaa ikifika naona wembe unapita, napatwa na uchungu hadi natoka nje. Vile vitu nilivichora ili baba aviite chapati. Hakuna mtu mwingine niliyemchorea. Sikujua niombe nini, nikaacha kuomba.

Eda ilipokwisha wanawake walimwogesha mama wakamvika nguo mpya. Shangazi alikuja na mkebe wa hina. Aliuweka mbele yangu bila kunitazama.

"Mpake mama yako," akasema. "Kucha tu, anavyopenda."

Mama alimshika mkono. "Bado, wifi. Kwanza niende nikamwone."

Tukapanda lori la yule dereva, mama dirishani, mimi nimebanwa katikati. Mbeya ilikuwa vumbi jekundu na upepo. Mzee aliyemuuguza baba alisita, wanawake hatukuzoea kwenda makaburini, lakini alimtazama mama usoni akachukua fimbo yake akatupeleka. Kaburi lilikuwa tuta tu, limeanza kushuka, na mawe mawili. Yule mzee akasogea pembeni kutuacha.

Mama alichuchumaa. Alisoma Fatiha, kisha akachimba kwa vidole kishimo upande wa kichwani, akafungua kile kitambaa. Vipande vilikuwa vingi, vidogo, vyekundu, vimejikunja, hakuna picha hata moja inayoonekana. Kwenye kidole gumba cha kushoto bado palibaki utepe mwembamba wa wekundu nchani. Aliuuma kwa meno, akautia pamoja na vingine.

"Haya," akaniambia. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Vilikuwa nini. Hajabahatisha, na mimi pia hukuniambia. Mwambie sasa."

Nikachuchumaa karibu yake. Nilianza na kidole kidogo cha kulia, kwa sauti ndogo, nikiona aibu na yule mzee. Birika. Ufunguo. Kitana. Mwezi mchanga. Taa. Mkono wa kushoto: mwiko, gurudumu la lori, jani la mgomba, kinu. Mama alikuwa anakunja kidole kwa kila jina. Tukafika gumba la kushoto. Mama alilisimamisha peke yake, jeupe, akangoja.

Kwa miezi yote ile nilikuwa nimekitazama kichoro chake kikikatwa kidogo kidogo, kikawa mstari, kikawa nukta, na ile nukta ikafuta kila kilichokuwepo kabla yake. Nilijua niliwahi kukichora, nilikumbuka njiti mkononi na joto la jiko usoni. Kitu chenyewe hakikuwepo. Nikaangalia mle shimoni kana kwamba nitakisoma kwenye zile takataka.

"Nimesahau," nikasema. "Mama, nimekisahau."

Alinitazama. Nilidhani atalia, na kama angelia sijui ningefanya nini, maana hatukuwa na mtu mwingine.

"Chapati," mama akasema.

Akakikunja kidole, akafukia.