Siku Niliyompa Mzee Gaspari Ugonjwa Wangu

Mnaoniona hapa nikicheka, mjue ilinichukua miezi kadhaa kuweza kuisimulia habari hii bila kutazama chini, na hata leo naomba mke wangu asiwe karibu ninapoisimulia, maana yeye hunisahihisha (na kila akinisahihisha aibu inaongezeka). Lakini basi, nilifanya mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Mimi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nalima maharage, na siku moja moja naitwa kutafsiri. Nilizaliwa Uvira, Kiswahili ni cha nyumbani, Kiingereza nilikipata kwa taabu hapahapa kambini, kwa hiyo mgonjwa akipewa karatasi ya kwenda kuonwa mjini Mbarara na hana wa kumsemea, wananitafuta. Watu wananiheshimu kwa hilo. Kanisani mimi ni shemasi, na nilijiambia kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kupanga foleni kwenye kituo cha afya cha kambi na kumwambia dada wa mapokezi, ambaye anaimba kwaya moja na mke wangu, kwamba mkojo unamsumbua.

Nao ulikuwa unanisumbua vibaya. Miezi kama sita nilikuwa naamka mara nne, mara tano usiku, nasimama, nasubiri, unatoka kidogo tena kwa kusukuma, narudi kulala, na kabla shuka halijapata joto naamka tena. Mara mbili niliona damu, nikajiambia ni viazi vyekundu nilivyokula (viazi gani sijui, hatukuwa tumekula viazi wiki ile). Mke wangu, Mama Neema, akachoka.

"Baba Neema, usiku muzima uko unatembea tu. Enda kwa munganga."

"Ni baridi," nikamjibu.

"Baridi gani inakamata mutu mumoja mu nyumba ya batu saba? Aibu haitakuua, ugonjwa ndio itakuua."

Hapo nina miaka hamsini na tatu na ninaficha kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimepangwa kumpeleka tena Mbarara Mzee Gaspari, Mrundi mmoja aliyepita miaka sabini, katekista wa siku nyingi wa Wakatoliki, mtu mpole, goti lake limevimba hata fimbo haimsaidii tena. Na mimi asubuhi ile mkojo ukakataa kabisa. Tangu jana yake jioni, hakuna kitu. Tulipofika Ruti, kabla ya kuingia mjini, dereva alisimama kidogo, nikateremka na mzee tukaingia kichakani kila mtu na upande wake, mzee akamaliza, akarudi garini akapanda, mimi bado nimesimama pale naangalia majani, mpaka dereva akapiga honi na watu garini wakaanza kuniita. Nilirudi nimeinama, tumbo la chini limejaa na linauma, jasho linanitoka.

Daktari alikuwa kijana wa Kinyankore, kabila la hukohuko, kwenye kliniki moja ya Kakoba, Kiswahili hajui zaidi ya salamu. Alilitazama goti, akalibonyeza, akauliza maswali, nikatafsiri vizuri kabisa. Kisha akauliza kama mzee ana shida nyingine yoyote.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wazo lilinijia haraka: mzee ni mtu mzima, daktari hatashangaa, ataandika dawa, mimi nitasoma jina lake kwenye karatasi, nitashuka Nyamityobora kwenye duka la dawa ninunue ya kwangu, na hakuna atakayejua. Nikamgeukia mzee, nikamuuliza kwa Kiswahili:

"Muzee, asubuhi ulikunywa chai?"

"Nilikunywa, mwanangu. Na kiazi."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anasema anakojoa kwa shida.

Daktari akaacha goti, akavuta kiti, akauliza. Tangu lini? Nikamuuliza mzee ana mbuzi wangapi. Mzee akaanza kunihesabia mbuzi wake, na yule jike aliyekufa wakati wa kuzaa, akaeleza kwa huzuni kabisa, na mimi nikatafsiri: miezi sita, anaamka mara tano usiku, anasukuma, na mara mbili ameona damu. Mara ya mwisho kukojoa ni lini? Nikauliza habari za wajukuu, mzee akacheka, nikatafsiri: jana jioni. (Daktari alimtazama mzee anavyocheka, nadhani alimwona jasiri sana.)

Daktari hakuandika dawa. Alisimama. Akasema mtu aliyezuiwa mkojo tangu jana hasubiri hata saa moja, ataingizwa mpira wa kutolea mkojo sasa hivi, na kabla ya hapo lazima aipime kwa kidole ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Akamwita muuguzi alete mpira na mfuko, akavaa glavu, akaniambia nimweleze mzee avue suruali na alale kwa ubavu.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Mlango ulikuwa wazi, benchi la wagonjwa lilikuwa nje tu, na juu yake amekaa jirani yangu wa kambini, Mama Zawadi, amekuja kwa shida ya meno. Nikaona heri mzee aumie kidogo. Ndiyo, niliwaza hivyo, na sijivunii.

"Muzee, munganga anasema uvue suruali. Anataka kupima kwa kidole, nyuma."

Mzee akanitazama. Akaitazama glavu.

"Mwanangu, kwenye goti wanapitia huko?"

Ndipo nikasikia kicheko nyuma yangu. Ni yule muuguzi, mama mnene ameshika sinia, kumbe amelelewa kambi ya jeshi, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili anacho.

"Mzee, wewe unasikia shida ya kukojoa?"

"Mimi? Hapana, mama. Nimekojoa Ruti, vizuri kabisa. Huyu ndiye alisimama pale mpaka wakamupigia honi, hakuna kilichotoka. Mimi niko na goti."

Muuguzi akamgeukia daktari akamwambia yote. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ndogo:

"Sasa wewe, tafsiri hii. Nani mugonjwa hapa?"

Benchi zima lilisikia. Nilitaka kujibu kwa heshima, nikanyanyuka, na nilivyonyanyuka tu matone yakanitoka bila kuniomba ruhusa, kwenye suruali yangu ya kanisani ya rangi ya udongo, ambayo haifichi kitu. Hapo sikuhitaji tena kujibu.

Walinilaza kwenye kitanda kilekile kilichomngoja mzee. Daktari akanibonyeza tumbo nikapiga kelele, akapima kwa kidole (dakika moja haikufika, haikuuma kama nilivyoogopa), wakaingiza mpira, na mfuko ukajaa wakaumwaga ukajaa tena. Sijawahi kusikia raha kama ile, nililia machozi. Mzee Gaspari alikuwa ameketi pembeni, amenishikia viatu, na mfuko ulipojaa alitoka akawatangazia watu wa benchi kwamba mutafsiri amepona, tumushukuru Mungu. Mama Zawadi alikuwa na simu. Habari ilifika Nakivale kabla yangu.

Daktari hakunigombeza, ila alinieleza taratibu. Tezi imevimba, iliikandamiza njia ya mkojo. Kuamka usiku mara nyingi na kusukuma ndio ulikuwa wakati wa kuja, damu hata mara moja ni ya kuja upesi, hata kama haiumi, na kuzuiwa kabisa ni siku hiyohiyo. Ningekaa siku nyingine figo zingeanza kuharibika. Wakachukua damu wapime kama ni saratani, na zile siku za kungoja majibu sizisahau. Haikuwa. Lakini aliniambia pia jambo lililonikaa: kama ningekuwa hodari zaidi wa kusema uongo, dawa yangu ingeingia mwilini mwake.

Tukarudi, mimi na mfuko wangu ndani ya suruali, mzee na fimbo yake. Tulipokaribia kambi akanigeukia.

"Mwanangu, safari zile zingine uliponisemea, ulisema nini?"

Nikamwapia kwamba ni siku ile tu. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuniamini sawasawa, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha benchi zima.

Leo mpira umetoka, nakunywa dawa, nalala. Nikienda kuonwa napanga foleni, na yule dada wa kwaya namwambia kwa mdomo wangu: ni mkojo. Anaandika, basi.

Mwezi uliopita Mzee Gaspari aliitwa tena Mbarara, na akaniomba mimi. Mlangoni kwa daktari akanishika mkono.

"Kabla hatujaingia. Kama kuna kitu kinakuuma, sema hapa, kwangu."

"Leo siumwi kitu, muzee."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya, tuingie."