Unyoya Nilioufuta kwa Siki

Siku Mkuu wa Stoo aliponiamuru nisugue lile jiwe, nilipaswa kukataa. Sababu nilikuwa nayo. Sikuitumia.

Kazi nilianzia Jinja, kwenye stoo ya visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, nikiwa na cheti cha sekondari tu. Siku ya kwanza Daktari, mama aliyechunguza ndege wa kale, alinituma kwa wachinja kuku wa mtaa wa Nalufenya nikaombe manyoya.

"Bwana, unashona mto?"

"Natafuta rangi ya ndege aliyekufa zamani sana."

"Si umuulize mjane wake!"

Walicheka, nami nikaona haya. Lakini mpaka leo huudhika nikisikia kwamba rangi za wanyama waliotoweka hubuniwa na wachoraji. Unyoya una vifuko vidogo mno vya rangi. Virefu kama punje za mchele huleta weusi. Vya mviringo kama choroko, wekundu wa kahawia. Unyoya ukizikwa katika tope laini ambalo baadaye hugeuka jiwe, vifuko huweza kubaki jiweni kama doa jeusi. Hadubini ya elektroni huonyesha umbo la vifuko hivyo, kisha vikalinganishwa na vya ndege walio hai. Ndiyo kazi ya wale kuku.

Nikahamishiwa Mbale, chini ya mlima Wanale. Huko mimi na Daktari tulipata jiwe moja lenye alama ya unyoya. Moja tu. Daktari akasafiri kutafuta hadubini, akaniachia agizo: "Doa hilo usiliguse hata kwa kidole. Rangi yote imo humo."

Mkuu wa Stoo, mwanajeshi mstaafu, akaliona.

"Chafu kama sufuria ya kusongea posho! Kesho tuna wageni wakubwa. Sugua."

"Afande, Daktari alikataza..."

"Daktari yuko hapa?"

"Hayupo, afande."

"Basi?"

Nikasugua, kwa brashi ya waya na siki, nikijua ninachofanya. Wageni wenyewe walipita wakizungumzia chakula, jiwe hawakulitazama.

Daktari aliporudi alilishika jiwe, akaligeuzageuza. "Bwana, umemwosha ndege wangu?"

"Nimemwosha, mama."

Hadubini ilionyesha mikwaruzo ya brashi tu. Nafasi niliyoahidiwa ya kujifunza kutumia hadubini akapewa mwingine, nami nikaandika lebo za maboksi mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Malukhu, hapa hapa Mbale. Mkuu alitoa amri, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilipoteza kazi pekee niliyoitamani, na ndege yule hakuna atakayejua alikuwa wa rangi gani.