Jipu la Fundi Nguo

Fundi nguo wa Kasenga alinunua jipu bovu la kijeshi lililoachwa na Wabelgiji. Kila Jumapili baada ya misa alijilaza chini yake akiimba, vidole vilivyozoea sindano vikikaza skrubu. Viti alivishona upya kwa kitenge cha mkewe. Mwaka wa maasi, askari walipokuja kulichukua, alikuwa amelegeza waya mmoja ili lisiwake. Sajenti akahangaika, injini ikakohoa na kukwaruza tu. Fundi akaziba masikio, kisha akashindwa kuvumilia.

“Apana, shefu, uko unaiumiza!”

Akaukaza waya mwenyewe. Jipu likanguruma.

“Yesu, huyu muntu!” mkewe akalia.

“Kumbe weye ndiye unaijua,” sajenti akacheka. “Basi, endesha!”

Akaondoka na askari, akitupungia mkono sisi majirani kama bwana arusi.