Michongoma Nyuma ya Jiko

Baba tulimzika nyuma ya jiko, nyumbani kwetu Mshangano, pembeni mwa shamba alilokuwa akilima mahindi. Kikao cha ukoo kikamchagua kaka yangu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikabandika tangazo: mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya siku ya kesi. Mpaka siku hiyo hakuna wa kugusa kitu. Tukaambiwa tusubiri, nami nilidhani tunasubiri wote.

Baada ya arobaini alianza kuja kijana mmoja, mnunuzi wa mahindi mjini. Mpole, jamani! Shikamoo yake ilianzia barabarani, na mkononi hakosi sukari. Alisema alifahamiana na marehemu. Mama akawa anamwita mwanangu, nikamtania kwamba safari hii kapata mtoto wa kiume mwenye adabu. Nikacheka peke yangu. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Siku moja akaja na toroli la miche ya michongoma.

"Mama, mbuzi wa majirani watalikanyaga kaburi la mzee. Acha nikuwekee uzio."

Mama akalia kwa shukrani. Kiangazi kilikuwa kikali, basi kila jioni alibeba ndoo akaimwagilia ile miche, akiisemesha Kingoni kama anavyosemesha vifaranga wake.

Mimi huwa nafika Jumapili moja kwa mwezi, baada ya misa. Jumapili ile nilisimama mlangoni mwa jiko, nikaufuata uzio kwa macho. Uzio haukulizunguka kaburi. Ulitoka barabarani, ukanyooka, ukapita katikati ya jiko na kaburi hadi bondeni. Baba alikuwa upande wa pili, yeye na shamba lote. Mbuzi gani hao wanaozuiwa hivyo?

Nilimfuata kaka, msimamizi wetu, kwenye banda lake la kuchomelea mageti. Hakuniangalia usoni.

"Ni fungu langu, dada. Nimelichukua mapema tu. Nilibanwa."

"Fungu lipi, na mahakama haijagawa? Umemuuza na baba humo humo?"

"Kesi ikipita yote yatakaa sawa. Mama usimwambie."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akashusha miwani yake, akaendelea kuchomelea.

Nilirudi mbio nikaanza kung'oa. Mche wa kwanza ulikuwa umeshashika, ukanichana viganja. Mama akatoka na ndoo yake.

"Wewe, una wazimu? Mtoto wa watu amejitolea!"

"Amejitolea nini, mama? Amenunua! Kaka amemuuzia shamba, na kaburi ndani yake."

"Liuzwe mimi nikiwa hapa? Mnapenda kumwonea yule kijana." Akanisogeza kwa kiwiko, akainama kumwagilia ule mche niliotaka kuung'oa. Kisha akanyoosha kidole kwenye mwanya mdogo kati ya miche, upana wa mtu mmoja. "Angekuwa na nia mbaya angeniachia kanjia? Aliniambia mwenyewe: mama, hapa nimekuruhusu, uwe unapita kumsalimia mzee."

Akarudia, polepole, "Nimekuruhusu."

Alilitazama kaburi, akautazama ule mwanya, na ndoo ikawa bado imeinama mkononi mwake, maji yakimwagika yote kwenye mche.