Manyoya Kwenye Kopo la Halua

Hapana bwana, usinikatishe. Umeshasema kwamba mtu anayemvua samaki halafu akamrudisha majini hana akili timamu. Nimekusikia. Sasa ngoja na mimi niseme. Hatukuwa tunamwachia kila samaki. Perege tulikula mpaka mama akasema anaota magamba usiku. Tuliyemwachia ni yule mkubwa, mwenye mayai tumboni, aliyetutoa jasho. Ukishavutana na kiumbe kama yule ukamshinda, unamshika kidogo, unamtazama, unamwacha aende. Hayo yalikuwa makubaliano yetu mimi na mwenzangu, wawili tu. Hakuna aliyetulazimisha na hakuna tuliyemlazimisha. Na hayo makubaliano ndiyo yaliyotumaliza.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Mabawa. Siku moja nilikuwa najaribu spika ya simu ya mteja, nikafungua video ya kwanza iliyotokea. Mzungu kasimama mtoni, maji mpaka magotini, anazungusha kamba hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Mwisho wa kamba kuna kinyoya. Kikatua juu ya maji, taratibu, na samaki mmoja wa madoadoa, wanamwita trauti, akatoka chini akakidaka. Hakuna chambo, hakuna ngisi wala dagaa. Nyoya! Nikairudia video ile mpaka chaji ikaisha. Mteja alipokuja akakuta simu imezima, akaondoka akinitukana.

Mwenzangu ni Mdigo wa Moa, kijiji cha pwani, dereva wa bodaboda, baba yake mvuvi wa nyavu. Mimi ni Mlutheri, wazee wangu walikuja huku kukata mkonge, bahari nimeijua nikiwa na ndevu. Nilipomwonyesha ile video alicheka mpaka akakaa chini.

"Yakhe, samaki wa Moa ale nyoya la kuku? Kuku mwenyewe halitaki!"

Lakini wiki haikuisha alirudi na fimbo ya kuvulia. Kaiona kwenye mitumba, imefungwa pamoja na miamvuli na magongo ya wazee, na muuzaji anaapa kwamba ni antena ya redio. Ilikuwa na kirili chake, kile kigurudumu cha kukunjia kamba, na kamba nene ya njano. Tukaenda kujifunza kwenye bwawa la shamba la mkonge, sisi na simu yangu imeegemezwa kwenye jiwe ikituonyesha. Ndoana ya kwanza niliirusha ikanasa kwenye sikio langu mwenyewe. Ya pili ikanasa suruali yake, mahali ambapo sisemi.

Siri ni hii, na hakuna aliyetufundisha. Nyoya halina uzito. Kinachorushwa ni ile kamba. Unaipeleka nyuma, unasubiri ijikunjue yote, na hapo kwenye kusubiri ndipo watu wote wanaposhindwa, kwa sababu mkono unataka kuwahi. Mimi nilikuwa nawahi. Mimi kila kitu nawahi. Yeye alikuwa anasubiri. Kamba ikitoka mkononi mwake ilikwenda imenyooka, nyoya linatua kama limedondoka lenyewe kutoka kwa ndege anayepita, na perege anakuja. Siku ile mwenzangu alipompata wa kwanza alipiga kelele mpaka vibarua wakaacha kazi wakaja kutazama. Nilimwonea wivu? Nilimwonea. Na nilijivuna naye kuliko nilivyowahi kujivuna na ndugu yangu wa damu.

Tulianza kufunga manyoya kwenye ndoana wenyewe. Manyoya ya jogoo mweusi wa jirani, nywele za mbuzi, katani, shanga ndogo za macho, uzi mwekundu wa cherehani wa kukazia. Uzi alitupa mchumba wake, fundi nguo wa Chumbageni, binti mwenye maneno machache na mkasi mkali. Tulipanda mpaka milimani kwa mama yangu mkubwa, kwa pikipiki, tukitafuta hao trauti, maana mama mkubwa alisema zamani walikuwepo kwenye vijito vya kule. Tukakuta viazi, baridi, na akina mama wanaofua wakatuuliza kama tumepotea. Njiani kurudi, mwenzangu meno yanagongana, akasema, "Samaki anayependa baridi hivi mwache alipo. Sisi wetu wako kwenye joto."

Na kweli walikuwepo. Kwao Moa kuna mkondo unaoingia kwenye mikoko, maji yake ya uvuguvugu kama chai iliyosahaulika. Pale tulipata kolekole, tukapata mizia wadogo. Ila tuliyemtaka ni mwatiko. Mwatiko hashiki chambo hovyo, anakula ukijani unaoelea. Tulifunga katani tuliyoipaka rangi ya kijani, tukashindwa, tukafunga upya, tukashindwa tena. Siku mwenzangu alipomnasa, kamba ilitoka kwenye rili inalia, samaki akaruka mzima mzima juu ya maji, mweupe kama sahani mpya, na mimi nikajikuta nimesimama ndani ya tope napiga makofi kama mtoto. Ukiniuliza raha ni nini, ni pale. Tulimwachia. Alimshika akimwelekeza kwenye mkondo, mkia ulipoanza kucheza akasema chini chini "Bismillah, nenda," akamwacha.

Sasa tuje kwenye halua.

Manyoya tuliyokwisha kufunga tulikuwa tunayatunza kwenye kopo la halua, kwa sababu linaziba vizuri na hewa ya chumvi haiingii, ndoana hazishiki kutu. Lilikaa kwenye rafu chumbani kwake. Siku ya kupeleka posa, shangazi yake alikuja kutoka Moa kupanga vikapu: kanga, udi, tende, halua. Akaona kopo la halua kwenye rafu. Akalitia kikapuni pamoja na makopo mengine. Simlaumu shangazi. Wewe ungefikiria kuna nini ndani ya kopo la halua?

Tulikwenda Chumbageni, tukakaa nje kwenye mikeka na wazee wa kwao. Maneno yalikuwa matamu, kahawa imeshazunguka. Ndipo tukasikia ukelele kule ndani kwa wanawake. Mama mmoja akatoka na sinia limefunikwa kanga, akaliweka mbele ya baba mkubwa wa binti, yeye ndiye aliyekuwa anasimamia kwa kuwa baba mzazi hayupo duniani. Akafunua.

Manyoya meusi. Uzi mwekundu. Nywele za mbuzi. Shanga. Kila kimoja kimefungwa kwenye chuma chenye ncha.

Mzee akainua moja kwa uzi wake. Akamgeukia mwenzangu. "Hii ni halua ya wapi, mwanangu?"

Mwenzangu alieleza. Alieleza vizuri, kwa adabu, kwamba ni chambo. Binti mwenyewe akasema kwa nyuma ya pazia, "Baba, uzi ni wangu, nilimpa mimi." Na shangazi mmoja wa kule ndani akadakia hapo hapo, "Mmesikia? Kashamtengeneza kwa dawa!"

Nikasimama. Nisingeweza kukaa.

"Na wewe ni nani?" mzee akauliza.

"Rafiki yake, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Mabawa."

"Kabla ya Mabawa?"

"Shamba la mkonge."

Wakacheka. "Haya, mtoto wa mkonge atufunze bahari."

Nikamwambia, "Mzee, mimi nakuheshimu, lakini hapa unaongea kitu usichokijua." Mwenzangu akanivuta shati mpaka kifungo kikaruka. Basi katika yale makelele nikatoa wazo, na wazo lilikuwa zuri, mpaka leo nasema lilikuwa zuri: twendeni mkondoni mkaone kwa macho yenu. Mzee akafikiri, akakubali. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hakuwa mtu mbaya.

Jumamosi wakaja Moa kwa Noah ya kukodi, wazee wanne na yeye. Maji yalikuwa yanajaa. Mwenzangu akafunga lile nyoya letu la katani ya kijani, akaingia mpaka mapajani. Mimi nilikaa na wazee nikieleza. Mwanzo walikuwa wanakohoa na kutazama saa. Kamba ilivyoanza kwenda na kurudi, mmoja akasema, "Ana mkono huyu." Mwingine akauliza kamba ni ya namna gani. Baba mkubwa nilimwona anahesabu kwa kidole, nyuma, mbele, nyuma, mbele.

Halafu mwatiko akala.

Bwana, ungewaona. Samaki karuka, na wazee wote juu! "Mlegeze! Mlegeze, usimkaze!" Baba mkubwa kaingia majini na viatu vyake vya ngozi, kanzu kaikunja mkononi, anampigia kelele mkwewe mtarajiwa, "Mfuate! Mfuate mwanangu, asiingie kwenye mizizi!" Kamwita mwanangu. Mimi nilisikia. Nikajua tumeshinda, posa imepita. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mwenzangu akamleta karibu. Mkubwa, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona, tumbo limejaa. Akapiga goti majini. Akatoa ndoana. Na mikono yake, ile mikono inayojua kusubiri, ikafanya ilichozoea. Ikamgeuza samaki kwenye mkondo. Ikamshika pale. Midomo ya mwenzangu ikacheza. Mkia ukapiga.

Akaenda.

Baba mkubwa akaiachia kanzu ikalowa. Ulikuwa unasikia maji yakiingia kwenye mikoko tu. Mwenzangu akageuka anatabasamu, tabasamu likamfia usoni.

"Umemtuma kwa nani?" baba mkubwa akauliza. Sauti ya chini kabisa.

"Sikumtuma, baba. Nimemwachia. Ana mayai."

"Mtoto wa mvuvi, amwachie mwatiko kama yule? Na ulimnong'oneza nini?"

"Bismillah, wallahi. Bismillah tu."

"Kwa kiumbe, Bismillah husemwa kwa kuchinja au kwa kula. Wewe hukuchinja wala hukula."

Hapo nikafunguka. Niliyoyasema siyarudii na siyajutii. Niliwaambia wametega nyavu zenye matundu madogo maisha yao yote mpaka mkondo ukakaribia kuwa mtupu, halafu anayemwacha mama samaki akazae ndiye mchawi. Niliwaambia mengine. Mwenzangu akatoka majini akaniwekea mkono kifuani, mkono wa baridi unaonuka samaki. "Nyamaza, yakhe. Niachie mwenyewe."

Masharti yakaja siku chache baadaye kupitia kwa yule shangazi yake wa Moa. Posa wataipokea. Ila manyoya yote yachomwe, pale pale Chumbageni, mbele ya watu, asomewe dua, na aape hatashika tena fimbo ile.

Alikuja kibandani kwangu mchana. Alibaki juu ya pikipiki, hakuizima.

"Nipe uliyo nayo," akasema. "Wamesema yote."

"Haya ni yangu. Nimeyafunga mimi."

"Najua."

"Unajua kwamba si uchawi."

"Najua, yakhe. Hata yeye baba mkubwa nadhani anajua."

"Sasa?"

"Sasa nampenda." Akaangalia barabarani. "Nipe."

Nikampa. Nilitoa moja moja kutoka kwenye droo ya vipuri, na kila moja namkumbusha: hili lilimleta kolekole yule wa asubuhi ya mvua, hili tulilifunga umeme umekatika, hili ulisema ni baya halafu likashinda yote. Aliyatia mfukoni akaingiza gia.

Nilikwenda kushuhudia, sikualikwa. Jiko la mkaa katikati ya uwanja, watu wamejaa, mpaka madirishani. Akamimina kopo lote. Nywele zikiungua zinanuka, unajua zinavyonuka, watu wakaziba pua wakasema mnaona, mnaona, hiyo ni harufu ya nini? Akaapa. Wakapiga vigelegele. Ndoana zilibaki kwenye majivu zimekuwa nyeusi, hazikuungua.

Wameoana na wanakaa vizuri. Binti ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini nilimsikia mwenzangu, kwa masikio yangu, pale stendi ya bodaboda, mtu kamtania kuhusu manyoya, akacheka akajibu, "Yale yalikuwa mambo ya kitoto, yule fundi simu alinipoteza." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda cha chipsi. Nilirudi Mabawa kwa miguu.

Na wiki hiyo hiyo dereva mmoja akaja kibandani kwangu akaanza kumsema kwamba ni mchawi aliyetubu. Nilimtupia bisibisi. Mtu asimguse yule mbele yangu. Mimi ndiye nina haki ya kumkasirikia, si wao.

Naenda peke yangu sasa, na ile fimbo aliyoniachia, kwenye bwawa la mkonge. Bado nawahi. Kamba inanirudia usoni, nasema mwenyewe, subiri, subiri, na hakuna anayenicheka. Nikimpata perege mkubwa namwachia, kwa ubishi tu.

Usiku nageuza ile siku kichwani. Kama angembeba mwatiko yule nyumbani, wangemla na nazi, na mambo yangekwisha. Kama angekataa kuchoma, angebaki na mimi na fimbo, na binti angeolewa na mwingine. Wakati mwingine nasema alifanya kama mwanamume. Wakati mwingine nasema alituuza, mimi na kila kitu tulichokijua, kwa watu ambao hawakuamini hata neno lake moja. Siwezi kuchagua, na yeye hajawahi kuja kunisaidia kuchagua.

Wewe ungechoma?