Sindano Niliyokwisha Kuivuta

"Mumupe hata dawa ya usingizi, dada. Anachoka," mume wa mgonjwa aliniomba, na mimi, muuguzi wake, kusema kweli, nilikuwa nimekwisha kuivuta dawa yenyewe kwenye sindano. Mke wake, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Ruziba, alikaa kitandani mdomo wazi, akihema kwa kina na kwa haraka tangu asubuhi. Kusema alikuwa hasemi tena. Miaka kumi na mitano ya uuguzi hapa Bujumbura, nikaona ni wasiwasi tu, nikaamua kumtuliza.

Daktari, msichana aliyemaliza chuo juzi tu, akanishika mkono. "Apana, mama. Ngoja kwanza." Nilikasirika. Mtoto kama huyu ananifundisha kazi mbele ya watu! Akasikiliza mapafu, mazima. Oksijeni, nzuri. "Sasa anahema kwa nini?" akaniuliza. Akapima sukari, ikawa juu mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Ndipo mume akasema insulini ya mke wake iliisha wiki iliyopita, naye hakutaka kusumbua mtu.

"Damu yake imejaa asidi," daktari alisema polepole. "Anaitoa kwa pumzi. Ukimulaza usingizi, nani atamutolea?"

Sindano nikaenda kuitupa mwenyewe.

Tukamtundikia serumu, maji ya mshipani, chupa ya kwanza mbio mbio. Insulini ilibidi isubiri kipimo cha potasiamu, maana insulini huishusha, na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Maabara wakachelewa. Nikawafuata mlangoni, nikawagombeza bila aibu hadi wakanipa jibu, na insulini ikaanza kuingia kidogo kidogo. Mume alinifuata kila nilikokwenda: "Mbona hamumulazi?" Nilimjibu vibaya. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Alasiri pumzi zikaanza kupungua, na hapo hofu ikanizidi, kwa sababu anayepona hupunguza hivyo hivyo, na aliyechoka kabisa pia. Nikamwita kwa nguvu. Akafungua macho, akaomba maji.

Kesho yake nilipokuwa namwosha uso, alinishika mkono.

"Nilikuona na ile sindano," akasema. "Nilitaka kukwambia apana. Pumzi ya kusema ndiyo nilikosa."