Komunyo Aliyoikosa Matroni Rhobi

Rhobi alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule ya Kikatoliki mjini Musoma. Kila mwaka aliwafundisha watoto sala na kuwashonea magauni meupe ya komunyo ya kwanza. Yeye mwenyewe hakupokea, kwa kuwa alikuwa mke wa pili wa Mugeta, na Kanisa halikuitambua ndoa yao. Angemwacha mumewe, watoto wangebaki upande wa baba.

Mwaka huu mke mkubwa alifariki. Baada ya matanga Rhobi alikwenda kijijini Kiriba, alikoishi Mugeta, kumwomba wafunge ndoa kanisani.

“Umechelewa, mama Boke,” alisema Mugeta. “Ng'ombe wa mahari nimeshapeleka kwa watu. Mke mwenzako anakuja mwezi ujao.”

“Na mimi je, baba Boke?”

“Wewe si una kazi yako mjini?”

Jumapili ya komunyo Rhobi aliwapanga watoto mstari, kisha akaketi. Recho, aliyekuwa wa mwisho, akamgeukia.

“Matroni, mbona wewe huendagi?”

“Nenda, mwanangu, wenzako wanakuacha.”

Miaka yote, wengine wakipokea, Rhobi alimwomba Mungu amfungulie njia. Siku hiyo hakuomba kitu.